Uanzie wapi na rekodi za jukwaani za Pete Seeger

Kwa kuwa umeuliza uanze na rekodi zipi za maonyesho ya Pete Seeger, aliyeimba nyimbo za jadi za Marekani kwa zaidi ya miaka 60, ningekushauri uanze na onyesho la Carnegie Hall, New York, la tarehe 8 Juni 1963. Santuri iliyotoka mwaka huohuo ilibeba sehemu tu ya nyimbo za usiku ule; toleo kamili lilitoka mwaka 1989, na hilo ndilo la kutafuta, kwa sababu uhondo wenyewe umo katika vipande ambavyo wahariri huvikata kwanza: Seeger anautamka mstari upesi kabla ya kuuimba, hadhira inaupokea, naye anawaachia kiitikio na kubaki na banjo yake.

Baadaye rudi nyuma hadi onyesho la Bowdoin College, chuo kilichopo Maine, Marekani, la mwaka 1960, lililotolewa mwaka 2012. Wakati huo alikuwa akikabiliwa na mashtaka ya kulidharau Bunge la Marekani, lakini uchangamfu wake haukupungua hata kidogo, jambo linalonigusa kila ninapoisikiliza rekodi hiyo.

Rekodi za uzeeni usizipuuze, kwani humo sauti yake imefifia na hadhira ndiyo inayoubeba wimbo. Kila faili ya rekodi unayohifadhi kwenye kompyuta iandikie tarehe, ukumbi na chanzo chake, na nakala ya FLAC (faili inayohifadhi sauti yote bila kuipunguza) usiifute baada ya kutengeneza MP3 (faili ndogo inayopunguza sauti), maana sauti iliyokwisha kupunguzwa hairudishiki.