Umerithi kamera ya babu? Anza na spuli, mkanda baadaye

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza. Marehemu baba yake kamwachia kamera ya sanduku, Kodak Brownie, na ameshazunguka mji mzima akiulizia mkanda wa picha, yaani filamu. Kila anakopita anachekwa. Fundi mmoja wa picha za pasipoti kamwambia aiweke sebuleni iwe pambo. Nilimjibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp, kisha nikaona niandike kabisa, maana si yeye peke yake anayeuliza, na hilo neno "pambo" mimi nimelisikia hadi limenichosha.

Yangu ni Brownie Six-20 Model D, iliyotengenezwa Uingereza. Babu, mzaa baba, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Muheza, na nusu ya picha za ukoo wetu amezipiga yeye. Baba hakuigusa, aliitunza tu. Ilipofika kugawana mirathi, kaka zangu walikuwa wanavutana kuhusu nyumba ya Ngamiani, Tanga, na minazi. Mimi nilipewa fungu langu, na juu yake sanduku la bati lenye makaratasi, redio mbovu na hiyo kamera. Watu walicheka. Walionicheka nawajua wote kwa majina, na wengine wanasoma hapa.

Kibaya zaidi, kabla sijaishika, kaka yangu mkubwa alishaifungua uani, jua la saa saba, awaonyeshe wageni mambo ya kale. Ndani mlikuwa na mkanda. Verichrome Pan, mkanda wa Kodak wa picha nyeusi na nyeupe. Kwa wasioujua, huo una sifa ya kuhifadhi picha kwa muda wa ajabu: kuna watu wameusafisha (yaani kuutoa picha kwa dawa) baada ya miongo kadhaa na sura zikatoka. Wa babu uliungua kwa mwanga palepale, mbele ya sinia la pilau. Kaka anasema hakujua. Sawa, hakujua. Lakini mimi nilikuwepo, na hakuniuliza.

Kwa hiyo ndugu yangu, kamera ya urithi haifunguliwi ovyo. Zungusha taratibu kitasa cha kuvutia mkanda. Ukikihisi kizito, chungulia kile kidirisha chekundu cha nyuma, mahali penye kivuli. Ukiona namba au alama zinapita, humo mna mkanda. Endelea kuzungusha mpaka karatasi inayofunika mgongo wa mkanda iishe na kitasa kiwe chepesi, ndipo ufungue, tena gizani. Kilichotoka kifunge kwa utepe, kiweke kwenye kopo lisilopitisha mwanga, uulize wanaojua.

Ikiwa tupu, sasa tazama spuli, yaani kile kijiti chenye visahani viwili ambacho mkanda huzungushiwa. Hapo ndipo jibu lilipo, wala si kwenye jina la kamera. Kodak walitoa mkanda wa 120 (namba hizi ni majina ya saizi) mwaka 1901. Miaka ya 1930 wakaja na 620, na hapa ndipo watu wanapopotea: 620 ni mkanda uleule, upana uleule, karatasi ileile ya mgongoni. Walichobadilisha ni spuli tu, kijiti kikawa chembamba na visahani vikawa vidogo. Sababu iliyotolewa ni kupunguza ukubwa wa kamera. Mimi naamini walitaka mteja asinunue kwa mwingine. Mwaka 1995 wakaacha kabisa kutengeneza 620, ndiyo maana ukiulizia kwa jina hilo unaonekana umetoka makaburini. Ila 120 ipo hadi leo. Ilford wanatengeneza Uingereza, Foma wanatengeneza Cheki, Kodak wenyewe wanaendelea kule Rochester, Marekani. Mkanda upo. Usikubali mtu akwambie haupo.

(Kama spuli yako ni ya 127, jiandae kulipa zaidi na kutafuta zaidi. Kama ni 116 au 616, mikanda hiyo viwanda viliacha kuitengeneza, itabidi ushikize mkanda wa 120 kwa vipande vya kuongezea. Na kama ni kamera ya milimita 35, wewe huna shida yoyote, acha kulalamika.)

Halafu kuna wauzaji wa mikanda ya zamani. Duka moja la Dar liliniuzia mikanda ya rangi iliyopita tarehe miaka mingi, muuzaji ananiapia kwamba mkanda hauozi. Unaoza! Joto na unyevu wa pwani yetu vinaula taratibu hata ukiwa kwenye boksi lake. Mkanda wa zamani uliolala kwenye friza Ulaya unaweza kukupa picha. Uliokaa juu ya kabati Kariakoo utakupa ukungu wa kahawia na rangi zilizochanganyikiwa. Nilirudi dukani na negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, mkononi, akaniambia kamera ndiyo mbovu. Kamera ya babu yangu! Niliondoka pale nikitetemeka, na tangu siku hiyo sinunui mkanda usio na tarehe ya mbele.

Mimi mikanda huletewa na shangazi yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Kila anayekuja nyumbani namwomba jambo moja: iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwa sababu mashine za huko zina mionzi mikali zaidi. Na viwanja vya ndege vyenye zile mashine mpya za kukagua mizigo za CT, ambazo mionzi yake nayo ni mikali, aombe kwa adabu mikanda ikaguliwe kwa mkono. Ikifika, naiweka kwenye friji, na kabla ya kuifungua naiacha nje saa kadhaa isitoe jasho.

Kuhamisha mkanda kutoka spuli ya 120 kwenda ya 620 kunafanyika kwenye giza totoro, au ndani ya mfuko mweusi wenye mikono. Unauzungusha wote kwenye spuli nyingine yoyote, kisha unaurudisha kwenye ya 620, ili mwanzo wake uwe nje tena. Mkanda umegandishwa kwenye karatasi upande mmoja tu, kwa hiyo ukikaribia mwisho utakuta umevimba pale penye gundi. Bandua, laza upya, endelea. Kaza muda wote, ukilegea mwanga utapenya pembeni. Siku za kujifunza nazipita, zilikuwa za jasho na maneno nisiyoweza kuyaandika. Fanya mazoezi mchana kweupe kwa mkanda mmoja utakaoutoa sadaka. Na uwe na spuli mbili za 620, maana ya pili ndiyo inayopokea mkanda ndani ya kamera. Namba za picha nane ziko bado kwenye karatasi ya 120, zitakaa sawa kwenye kidirisha. Ila mikanda ya siku hizi inaona wekundu kuliko ya zamani, kwa hiyo bandika utepe mweusi juu ya kidirisha na ufunue tu unapovuta.

Chukua ASA 100 (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga, namba kubwa hunasa haraka). Watu wanapenda 400 kwa sababu wameisikia, lakini sanduku hili hufunguka kwa kasi moja, kati ya 1/30 na 1/50 ya sekunde, na jua letu unalijua.

Kusafisha nasafisha mwenyewe. Vipimo vya dawa kama D-76 vimeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba ya Tanga hayajawahi kuwa nyuzi 20 tangu dunia iumbwe. Barafu kwenye karai, kipimajoto, subira. Nimejaribu pia kusafisha kwa kahawa ya papo hapo, vitamini C na soda ya kufulia, njia iliyotokana na ile ya kahawa na soda iliyobuniwa mwaka 1995 na darasa moja la chuo cha Rochester. Kahawa ya Bukoba inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu robusta ndiyo inayotakiwa. Nyumba ilinuka wiki nzima, lakini nyuso zilitoka.

Niseme na vijana kidogo. Mnataka picha zenye sura ya zamani kwa kubonyeza simu mara moja, halafu kamera ya babu mnaitupia watoto wachezee. Kitu cha mzee hakina haraka. Kaa nacho, kisome, uliza. Hata kaka yangu, yuleyule wa uani, mwezi uliopita kanipigia simu kunyenyekea, anataka picha za harusi ya binti yake "zile za kibabu". Nimemkubalia. Mkanda atanunua yeye.

La mwisho, kwa wanaopeleka mkanda maabara badala ya kusafisha nyumbani: wao wamezoea 120, na spuli tupu kwao ni takataka. Andikeni juu ya bahasha kwa herufi kubwa, RUDISHENI SPULI, na mkiweza pigeni simu siku mkanda unapofika.