Ukienda Thailand kufundisha, tafuta baraza kwanza

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, Mombasa, alinifuata juzi baada ya Isha, bahasha kwapani. Amepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, na mwezi ujao anasafiri. "Mwalimu, nibebe nguo gani?" Nikamwambia keti kwanza, tuagize kahawa, hilo la nguo litakuja mwisho.

Mimi nilikaa miaka miwili Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, mbali kabisa na bahari. Nilifika mwezi wa Mei, shule za huko zinapofungua mwaka.

Ya makaratasi niyamalize upesi. Shahada, cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo), cheti cha tabia njema cha polisi. Waajiri wengi wa huko hawaihesabu Kenya miongoni mwa nchi za wenye Kiingereza chao, kwa hivyo utaambiwa ufanye mtihani wa Kiingereza, TOEIC au IELTS, hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea. Inauma, lakini ifanye. Ubalozi wao uko Nairobi; omba viza ya Non-Immigrant B, ile ya kazi, kabla hujapanda ndege. Wakala akikwambia "ingia kitalii, mengine tutayamalizia huko huko", muage. Mimi nilimsikiliza mmoja, nikaishia kuvuka mpaka hadi Vientiane, Laos, kuomba viza ambayo ningeipata Nairobi, na nauli juu yangu. Beba pesa za kula miezi miwili, maana mshahara huja mwisho wa mwezi na mwenye nyumba ataka amana siku ya kwanza. Na usishtuke fomu ikiandikwa mwaka 2567. Huo ni 2024 wetu, wao huongeza miaka 543.

Wiki tatu za mwanzo ni raha tupu. Unapiga picha, unawatumia watu. Shida yangu ilianza mwezi wa pili, na ilianzia kwenye simu.

Thailand imetutangulia kwa saa nne. Mama alipenda kunipigia akishatulia, saa tatu usiku ya Mombasa, na kwangu ni saa saba ya usiku. Sikutaka kumkatalia. Nikawa nakesha na habari za Kibokoni, nani kaoa, nani kagombana na nani, halafu saa mbili asubuhi nasimama uani bendera ikipandishwa, macho mekundu. Mwili uko Khon Kaen, roho iko kwenye simu. Jirani zangu sikuwajua hata mmoja.

Kilichoniokoa ni samaki. Karibu na chumba changu palikuwa na mama mmoja akichoma samaki wa maji baridi, kampaka chumvi mwili mzima, kamtia mchaichai mdomoni hadi tumboni. Siku ya kwanza nilipita na mwalimu mwenzangu Mwingereza, moto haujawashwa. Tukamwuliza saa ngapi. Akainua kidole kimoja: "Nueng thum." Mwenzangu akaelewa saa saba mchana, kesho yake akaenda, akakuta meza tupu. Mimi nilishajua nueng ni moja, nikaenda saa moja ya usiku, na samaki alikuwa anageuzwa. Usiku wao, hadi saa tano, unahesabiwa kama wetu! Saa mbili ni song thum, mbili kweli kweli. Nilicheka peke yangu barabarani.

Basi pale ndipo pakawa baraza langu. Viti vya plastiki, moshi, wali wa kunata uitwao khao niao, unaofinywa tonge kwa mkono kama sima. Mama akaniita Khru, yaani mwalimu. Nilijifunza kusema "mai kin mu", sili nguruwe, na kila nikisema meza nzima inacheka, kwa sababu lugha yao ina toni tano na mimi nilikuwa napiga ya sita. Nikaongea na mama yangu, tukahamisha simu hadi saa tisa alasiri ya Mombasa. Akapokea huku nyuma samaki wanalia motoni, akauliza ni samaki gani hao.

Kuchekwa kule kulinifaa darasani pia. Watoto wangu arubaini na kitu walikuwa wakikata mwisho wa maneno: house inabaki hau. Sisi tuna ugonjwa wa kinyume, twaongeza irabu, hausi. Nikawapa ugonjwa wetu uwe dawa. Wiki nzima darasa likaimba hausi, raisi, basi, kisha nikasema irabu ile inong'oneni, kisha imezeni. S ikabaki mdomoni.

Jambo moja sitalificha. Shule yangu ya kwanza iliniomba niwaambie wazazi kwamba natoka Marekani. Nilikataa kwa adabu, wakanuna, na mkataba haukuongezwa. Nilipata shule nyingine. Wewe sema Kenya, tena Mombasa, uwaonyeshe kwenye ramani.

Kijana alikuwa keshamaliza vikombe viwili. Sasa nguo, nikamwambia: mashati ya mikono mirefu ya kazini, na sweta moja, maana alfajiri ya Disemba huko humtetemesha mtu wa pwani. Viatu viwe vya kuvulika upesi. Huko pia hawaingii nyumbani navyo.