USIMWAGE hiyo pafyumu ya bibi, nakuomba!

Dada weka chini hiyo chupa kwanza. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu mpaka nikapitiliza kituo. Eti umekuta Diorissimo, ile pafyumu ya Dior, ya bibi kabatini, imekuwa rangi ya chai, umepuliza ikanuka asetoni, kwa hiyo kesho unamwaga ununue mpya. Hapana. HAPANA.

Mimi nilimwaga. 2023, hapa hapa Dodoma, Diorissimo ya mama yangu, marehemu mzee alimletea alivyoenda kozi Ufaransa miaka ya themanini, imebaki kama robo hivi. Ilikuwa wiki ya sendofu ya mdogo wangu, nikataka kumfanyia mama sapraizi, nikaibeba kimya kimya hadi kwa muuza manukato mmoja mjini (simtaji, ila salamu yake siku hizi naitikia kwa shida). Jamaa akapuliza kwenye kikaratasi, akanusa sekunde mbili, tatu ukimpendelea, akakunja uso: "Bro hii imeekspaya, chukua mpya, kitu ni kile kile." 350,000 ikatoka mfukoni. Yaani mtu anauza mpya, namuuliza yeye kama ya zamani bado nzima! Nilimkabidhi fisi bucha mimi mwenyewe kwa mikono yangu na risiti nikadai.

Nikarudi nyumbani nikaimwaga chooni. Maji yalikuwa yamekatika, nikasukumia na kopo moja la kwenye ndoo nikaondoka zangu. Kama dakika arobaini baadaye naenda kunawa, nafungua mlango... daah. Choo kinanukia asumini mbichi, ile ya alfajiri, na majani yaliyokatwa sasa hivi, na kwa chini kabisa kitu kizito kama naftalini za kabatini. Nimesimama pale na taulo begani, mama anapita koridoni akasimama, akavuta pumzi. "Baba, mbona choo kinanukia harusi yangu?" Nikamjibu ni dawa mpya ya choo. Mwanaume mzima. Kwa siku tatu nilikuwa na choo cha gharama kuliko vyote kanda ya kati, chekeni tu.

Sasa elewa kilichotokea, maana ndicho kitakachokupata wewe. Kinachoharibika mapema ni vile vitu vyepesi vya juu, bergamoti (jamii ya limau) na wenzake, joto na mwanga vinavimaliza, ndiyo hiyo asetoni yako, na inapaa yenyewe baada ya muda mfupi. Maua yako chini, mazito, yanachelewa kuamka. Rangi ya chai nayo siyo ugonjwa, asumini ina kemikali inaitwa indole, na indole inatia weusi kadiri miaka inavyokwenda.

Na hiyo "kitu ni kile kile" ndiyo inaniuma hadi leo. Muguet, kale kaua keupe kama kikengele ambako ndiko harufu kuu ya Diorissimo, hakakamuliki mafuta hata ufanyeje. Edmond Roudnitska, aliyetengeneza Diorissimo 1956, alikapanda bustanini kwake Cabris, Ufaransa, awe anakanusa, harufu yake akaijenga kwa vitu vingine. Na vitu vya kujengea muguet ndivyo vilivyobanwa: Lyral ikatolewa madukani Ulaya 2021 kwa sababu ya mzio wa ngozi, Lilial ikafuata Machi 2022 kwa hofu ya uzazi, na IFRA, shirika la kimataifa la watengeneza manukato, nao wana vipimo vyao. Wala sisemi sheria ni mbaya, ila usiniambie ni kitu kile kile. Mama alipuliza hiyo ya laki tatu na nusu, akanusa, akasema kwa upole kabisa, "sabuni nzuri." Mdogo wangu akaichukua, anaipenda, ni nyepesi, unaingia nayo ofisini hakuna anayepiga chafya.

Kwa hiyo leo usiku, pulizo moja mkononi, kwenye ngozi siyo kwenye karatasi, halafu nenda kapike ugali, usinuse mpaka dakika arobaini zipite. Ikiwasha, nawa. Najua uliuliza na duka gani Dodoma wana ORIGINO na ipi inafaa kwa harusi ya mchana, hayo wenzangu watakujibu, mimi nasubiri habari ya mkono wako tu. Na kama chupa iko dirishani itoe SASA HIVI, jua la hapa unalijua.