Naumwa miguu, mbona nimepewa dawa ya sonona?

SWALI: Habari daktari, pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza mitumba hapa Busia, sukari ninayo mwaka wa nane sasa. Usiku miguu inawaka moto, hata shuka likigusa vidole nalia, Panadol nimemeza mpaka nimechoka. Juzi kliniki wamenipa vidonge vya amitriptilini, nimeze nusu kila usiku. Binti yangu akatafuta kwa simu akasema mama hii ni dawa ya sonona, mzee kusikia hivyo akasema basi wanakutayarisha kwenda Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwani waliona nadanganya? Vidonge viko kabatini, sijameza hata kimoja. – Mama Mitumba

JIBU: Pole sana mama. Hakuna aliyeona unadanganya, na hilo la shuka peke yake linatosha, maana mishipa ya fahamu ikishaharibiwa na sukari ndivyo inavyofanya, inachoma kama moto na hata kitu laini kinauma, na Panadol haiyawezi maumivu ya namna hiyo.

Binti hajakosea, dawa ilianza kama ya sonona, tangu 1961 huko. Lakini ubongo una walinzi wake kwenye uti wa mgongo wa kuzuia habari ya maumivu isipite hovyo, fikiria malori pale mpakani kwenu, na walinzi hao wanatumia kemikali zinaitwa noradrenalini na serotonini, ndizo hizo hizo zinazogusa huzuni pia. Amitriptilini inazifanya zikae zaidi ili wapate nguvu ya kufunga geti. Inasaidia hata mtu asiye na sonona kabisa! Halafu angalia dozi, wa sonona mara nyingi wanafika miligramu 75 mpaka 150 kwa siku, wewe nusu ya kidonge cha 25 ni 12 na kidogo tu.

Sasa usitegemee usiku wa kwanza. Usingizi utakuja mapema, maumivu yanataka wiki mbili mpaka sita, wengi wanaacha siku ya tano wakisema haifanyi kazi na inaniuma sana kusikia hivyo. Meza saa moja au mbili kabla ya kulala, weka maji karibu na kitanda maana mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na ukiamka usisimame kwa haraka. Kama una shida ya moyo, presha ya macho au mkojo kukataa kutoka, rudi uwaambie KABLA hujaanza. Usichanganye na pombe kama waragi, wala tramadoli, zile dawa kali za maumivu, za kuuziwa dukani hivi hivi. Wajukuu wasivifikie, vikiliwa vingi vinasimamisha moyo. Na usiache ghafla, unapunguza polepole ukiongozwa na daktari.

Sio kila mtu anapata nafuu, nisikufiche. Ikikataa kuna duloksetini, nayo ya sonona, ambayo Marekani waliipitisha kwa maumivu haya ya sukari 2004, ila bei yake sio ya amitriptilini.

Dawa hizi haziponyi mishipa yenyewe, kwa hiyo sukari uendelee kuishika na nyayo uziangalie kila jioni, kidonda usichokisikia ndicho kibaya. Mzee mwambie akusaidie kukata kidonge kwa wembe, aone kilivyo kidogo. Kila asubuhi andika kwa daftari lako la madeni umelala masaa mangapi, ukirudi kliniki uwaonyeshe.