Jibu: Manundu laini shingoni mwa mjomba

Mkuu, kwa ulivyoeleza, mjomba miaka 52, anakunywa gongo tangu ujana, shingo imejaa pande zote mbili hadi kola ya shati haifungi, mimi ningewaza ugonjwa wa Madelung. Madelung alikuwa daktari Mjerumani, aliandika juu ya wagonjwa 33 wa ugonjwa huu mwaka 1888. Manundu yenyewe ni mafuta, si saratani, ila hayana ganda kama lipoma (uvimbe wa mafuta) ya kawaida. Yanajipenyeza katikati ya misuli, ndiyo maana kuyakata ni kazi na mara nyingi hurudi. Akiacha pombe kwa kawaida hayanywei, ila yanaweza kuacha kukua. Lakini usinitegemee mimi wala kuangalia picha tu: hata tezi huvimba hapohapo. Apigwe ultrasaundi. Na akianza kupumua au kumeza kwa shida, msisubiri Jumatatu.