Maswali ya Wasomaji: Baraza la Jikoni na Sikio la Rais

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara kadhaa kwamba Rais Andrew Jackson wa Marekani alikuwa na "Baraza la Jikoni" lililomzidi nguvu Baraza lake la Mawaziri. Naomba kufahamu lilikuwa na akina nani, kwa nini liliitwa hivyo, na kama ni kweli kwamba watu wasio na cheo kikubwa waliweza kugeuza uamuzi unaoihusu nchi nzima. — Mwanafunzi wa historia

JIBU: Ndugu msomaji, jina hilo halikutoka kwa Jackson wala kwa rafiki zake, bali kwa wapinzani waliokusudia kuwadhalilisha. Katika barua ya Desemba 1831, Nicholas Biddle, mkuu wa Benki ya Marekani, alilalamika kwamba jiko limeishinda sebule, na mwaka uliofuata Seneta George Poindexter wa Mississippi akalitumia jina hilo hadharani. Picha waliyoikusudia haihitaji maelezo mengi. Mgeni wa heshima hukaribishwa sebuleni na kusikilizwa kwa adabu, lakini anayepitia mlango wa uani hadi jikoni ni mtu wa nyumbani, naye husikia yale ambayo mgeni hayasikii. Kwa maana hiyo, mawaziri walikuwa wageni wa sebuleni.

Watu wenyewe wanafahamika. Amos Kendall alikuwa mhariri wa gazeti huko Kentucky, kisha akapewa kazi ya ukaguzi wa hesabu katika Wizara ya Fedha, cheo ambacho kwa kawaida hakimfikishi mtu mbele ya Rais. Francis Preston Blair aliitwa Washington mwaka 1830 kuanzisha gazeti la Globe, lililokuwa sauti ya Jackson. William B. Lewis, rafiki wa siku nyingi kutoka Tennessee, aliishi Ikulu kwenyewe, na Andrew Jackson Donelson, mtoto wa shemeji yake Jackson, alikuwa katibu wake binafsi. Martin Van Buren, Waziri wa Mambo ya Nje hadi mwaka 1831, aliketi kotekote, sebuleni na jikoni. Hata hivyo, neno "baraza" lisikupotoshe, kwa kuwa watu hawa hawakuwa na kikao cha kudumu, ajenda wala kumbukumbu za mkutano. Rais alimwita huyu leo na yule kesho, kadiri alivyoona haja.

Kilichowapa nafasi ni udhaifu wa Baraza la Mawaziri lenyewe. Mawaziri wa kwanza wa Jackson waligawanyika kwa ugomvi uliomhusu Margaret Eaton, mke wa Waziri wa Vita, ambaye wake wa mawaziri wengine walikataa kushirikiana naye, na Rais akakaribia kuacha kabisa kuwaita mezani. Mwaka 1831 mawaziri hao waliondoka karibu wote, akabaki Mkuu wa Posta, William Barry. Pengo la namna hiyo halikai wazi. Rais asipowasikiliza wale waliowekwa kisheria kumshauri, haina maana kwamba anaamua peke yake. Mara nyingi yupo mwingine aliyekwisha kukaa katika kiti chao.

Uamuzi mkubwa uliotoka katika hali hiyo ulihusu Benki ya Marekani. Tarehe 10 Julai 1832 Jackson aliukataa muswada wa kuongeza muda wa kibali cha Benki hiyo, na maandishi ya kuukataa yalipita mikononi mwa Kendall na Donelson, pamoja na Mwanasheria Mkuu Roger Taney, ambaye miongoni mwa mawaziri ndiye pekee aliyeuunga mkono uamuzi huo kwa dhati.

Jambo lililofuata ndilo linaloonyesha zaidi nguvu ya watu wa jikoni, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka. Baada ya kuchaguliwa tena, Jackson alitaka fedha za serikali zilizokuwa katika Benki hiyo ziondolewe hata kabla ya kibali chake kwisha mwaka 1836. Sheria ya 1816 iliyoianzisha Benki ilimpa mamlaka hayo Waziri wa Fedha, wala si Rais, ikamtaka pia alieleze Bunge sababu zake. Waziri aliyekuwapo, Louis McLane, hakulitaka jambo hilo, akahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mahali pake akaletwa William Duane, mwanasheria wa Philadelphia, aliyeapishwa tarehe 1 Juni 1833. Jioni ya siku hiyohiyo ya kiapo alitembelewa na Reuben Whitney, mtu ambaye zamani alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Benki hiyo na ambaye wakati huo hakuwa na nafasi yoyote katika wizara, akamweleza kwamba Rais amekwisha kuamua amana ziondolewe.

Itazame hali ya Duane jioni ile. Saini inayotakiwa ni yake, sheria inamtaja yeye, na mambo yakiharibika ni yeye atakayesimama mbele ya Bunge. Lakini habari za uamuzi anazipata kutoka kwa mtu ambaye hakuna sheria iliyompa kazi ya kuamua wala wajibu wa kueleza. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijiona amedharauliwa, na sioni namna ambayo mtu mwenye kuiheshimu kazi yake angejiona vingine. Wakati wa kiangazi Kendall alitumwa kuzunguka miji ya mashariki kutafuta benki za majimbo zilizo tayari kupokea fedha hizo, huku waziri mwenyewe akiendelea kukataa kutia saini. Tarehe 23 Septemba akafukuzwa, Taney akashika wizara, na fedha mpya za serikali zikaanza kupelekwa kwenye benki za majimbo. Seneti ilimkemea Rais kwa azimio la tarehe 28 Machi 1834, na mwezi Juni ikakataa kumthibitisha Taney, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Kwa hiyo, je, waliugeuza uamuzi? Kwa maoni yangu, sivyo hasa, maana Jackson aliichukia Benki hiyo kabla ya kuwa na jiko lolote Washington. Walichompa ni maneno ya kuusemea uamuzi wake, majina ya benki za kuutekelezea, na kubwa kuliko yote, walimwezesha kuupita upande wa pili bila kuusikiliza. Tukiwatafuta watu wa karibu kwa kuuliza ni nani aliyemtia Rais wazo fulani kichwani, mara nyingi hatutawapata. Afadhali tuulize ni hoja ya nani iliyozuiwa isimfikie, au iliyomfikia akiwa amekwisha kuahidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, magazeti hupenda kuwasema vibaya watu wa karibu wa marais. Mimi nimefanya kazi ofisini miaka mingi, na najua kwamba walio chini humwambia mkubwa lile analopenda kulisikia. Je, rafiki asiyetafuta cheo si ndiye anayeweza kumwambia kiongozi ukweli? — Mtumishi mstaafu

JIBU: Hoja yako ina uzito, mzee wetu, na historia inakuunga mkono. Waziri ana wizara ya kuitetea, ana bajeti ya kuipigania, na mara nyingine ana ndoto ya kuurithi urais wenyewe, kwa hiyo ushauri wake huja umefungwa pamoja na haja zake. Mfano bora wa unalolisema ni Harry Hopkins, aliyekuwa karibu mno na Rais Franklin Roosevelt. Tarehe 10 Mei 1940, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yalizivamia Uholanzi na Ubelgiji, Hopkins alikula chakula cha jioni Ikulu, na kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya aliombwa alale hukohuko. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, aliyekwisha kuondolewa sehemu kubwa ya tumbo kwa upasuaji. Akaishi humo zaidi ya miaka mitatu.

Mwaka huohuo aliacha uwaziri wa biashara, na Januari 1941, asipokuwa na wizara yoyote, Roosevelt akamtuma London kuangalia kwa macho yake kama Uingereza ingeweza kustahimili vita. Alikaa huko wiki kadhaa akizunguka na Winston Churchill, akarudi na jibu kwamba wataweza, mradi wapate silaha. Kazi ile ilihitaji mtu ambaye Rais hakuwa na shaka kwamba atamletea habari kama zilivyo, na pengine hakuna balozi ambaye angeaminiwa kiasi hicho.

Lakini angalia kilichofuata baada ya taarifa yake, kwa sababu hapo ndipo mfano huu unapoachana na ule wa Jackson. Msaada wa silaha ulipitia muswada uliojadiliwa Bungeni hadharani kwa wiki nyingi, wapinzani wakasema yote waliyotaka kusema, na ulipotiwa saini tarehe 11 Machi 1941 Hopkins alikabidhiwa kazi ya kuusimamia mpango huo, kazi iliyojulikana na watu wote. Majenerali kama George Marshall walikuwa na njia ya kumfikia Rais na kumpinga rafiki yake walipoona inafaa. Neno la Hopkins lilikuwa na uzito mkubwa, ila halikufunga mlango.

Kabla yake, Edward House, aliyeitwa kanali ingawa hakuwa mwanajeshi, alikuwa msiri wa Rais Woodrow Wilson na alitumwa Ulaya zaidi ya mara moja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika mazungumzo ya amani ya Paris mwaka 1919 Wilson aliona House amelegeza mno alipoachiwa nafasi, na walipoagana mwezi Juni hawakuonana tena. Nafasi iliyojengwa juu ya urafiki mtupu huvunjika pamoja na urafiki, na shughuli za nchi zilizokuwa mikononi mwake hubaki zikining'inia.

Mfano unaopaswa kutuogofya ni wa Korea Kusini. Oktoba 2016 kituo cha televisheni cha JTBC kilitangaza kwamba kimepata tabuleti iliyokuwa na rasimu za hotuba za Rais Park Geun-hye, ikiwamo ile aliyoitoa Dresden, Ujerumani, mwaka 2014, na kwamba rasimu hizo zilimfikia rafiki yake wa miaka mingi, Choi Soon-sil, asiye na cheo chochote serikalini, kabla hazijatolewa. Siku iliyofuata Rais aliomba radhi mbele ya taifa na kukiri kwamba rafiki huyo alikuwa akimsaidia katika hotuba. Kisha ikadhihirika kwamba makampuni makubwa yalikuwa yamechangia mabilioni ya won kwa taasisi mbili zilizohusishwa na Choi. Tarehe 9 Desemba wabunge 234 kati ya 300 walipiga kura ya kumshtaki Rais, na tarehe 10 Machi 2017 majaji wote wanane wa Mahakama ya Katiba waliamua aondolewe madarakani.

Ningependa uliangalie jambo moja katika hukumu hiyo. Mahakama haikusema kwamba Rais hana ruhusa ya kuwa na rafiki au kumwomba maoni. Ilimlaumu kwa kumruhusu mtu huyo kuingilia shughuli za serikali kwa siri, kwa kutumia mamlaka ya urais kwa faida yake, na kwa kulificha jambo lote hata lilipoulizwa. Rafiki unayemsema wewe, asiyetafuta chochote, yupo, nami namheshimu. Ila aliye nje hawezi kumtofautisha na yule anayetafuta mpaka mambo yao yawekwe mahali yanapoweza kuonekana.

SWALI: Je, hakuna sheria inayomlazimisha Rais kuwataja wanaomshauri? — Msomaji wa muda mrefu

JIBU: Kwa Marekani, sheria hufika mahali ikakoma. Katiba yao inamruhusu Rais kudai maoni kwa maandishi kutoka kwa wakuu wa wizara, lakini haimlazimishi kuyafuata wala haimkatazi kumsikiliza mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1972 kuhusu kamati za ushauri inataka kamati zinazoshirikisha watu wa nje ya serikali zifanye vikao vya wazi na kuweka kumbukumbu. Mwaka 1993 madaktari na wenzao walikwenda mahakamani wakitaka sheria hiyo itumike kwa kikosi cha mageuzi ya huduma za afya kilichoongozwa na Hillary Clinton, mke wa Rais, kwa hoja kwamba yeye si mtumishi wa serikali. Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kwa madhumuni ya sheria ile mke wa Rais ahesabiwe kuwa mtumishi, na kikosi chenyewe kikaachwa nje ya masharti hayo.

Aidha, tangu sheria ya mwaka 1978, kumbukumbu za kazi za Rais ni mali ya umma. Lakini sheria hizo zinahusu kamati na karatasi. Rafiki mmoja anayepiga simu usiku, au anayekaa na Rais baada ya chakula, si kamati, na mazungumzo yake hayaachi karatasi.

Ndiyo maana mengi tunayoyajua tumeyapata kwa watu walioamua kuyaweka wazi. Ya Korea Kusini yalitoka kwa waandishi wa habari walioifungua ile tabuleti. Ya Jackson yalitoka kwa Duane, ambaye mwaka 1838, miaka mitano baada ya kufukuzwa, alichapisha simulizi yake pamoja na barua alizoandikiana na Rais, akaanzia siku ya kiapo chake na mgeni aliyemjia jioni.