Soketi yako haina kazi kwenye /tmp

Anayeanza kuandika programu za Linux, akihitaji pa kuweka soketi (faili ambalo programu huzungumzia na nyingine) au faili la PID (lenye namba ya programu inayoendeshwa), mkono humpeleka moja kwa moja kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda. Inakubali, basi hakuna anayeuliza zaidi.

Tatizo ni kwamba /tmp ni ya wote. Ruhusa zake ni 1777: kila mwenye akaunti kwenye mashine anaandika humo. Ile 1 ya mbele inamzuia kufuta cha mwenzake, haimzuii kukutangulia. Jina likiwa la kubashirika, tuseme /tmp/risiti.pid, mjanja anatega kiungo (symlink, faili linaloelekeza kwa jingine) kinachoelekea kwenye faili lako la maana, kisha programu yako yenyewe, kwa ruhusa zako, inafuta yaliyomo. Kerneli za Linux (kiini cha mfumo) za siku hizi zina kinga dhidi ya hila hii, fs.protected_symlinks, ila programu iliyoandikwa vizuri haiitegemei.

Mahali pake ni folda inayotajwa na kigezo cha mazingira $XDG_RUNTIME_DIR, ambayo kwenye mashine zenye systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo) huwa /run/user/ pamoja na namba yako ya mtumiaji. Andika `ls -ld /run/user/1000` uone: drwx------, mwenyewe peke yake. Chungulia ndani utakuta soketi iitwayo bus, folda ya systemd, na kama uko kwenye Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha), wayland-0. Folda hiyo inakaa kwenye RAM. Inaundwa unapoingia mara ya kwanza na kufutwa kikao chako cha mwisho kinapofungwa.

Hapo kwenye kufutwa ndipo wageni hulia. Umeacha huduma yako ikitembea kwenye seva, umefunga SSH, asubuhi soketi haipo. Dawa ni `loginctl enable-linger` na jina lako, inayoiacha folda na huduma zako hata ukitoka. Ikiwa ni huduma ya mfumo mzima, weka RuntimeDirectory= kwenye faili lake la systemd, utatengenezewa folda chini ya /run.

Pia usiandike /run/user/1000 ndani ya msimbo wa programu. Soma kigezo chenyewe, $XDG_RUNTIME_DIR. Ukiingia kwa `su -` (kubadili mtumiaji), au kazi ikiendeshwa na cron (kipanga kazi za ratiba), mara nyingi kigezo hicho hakipo, na `systemctl --user` inagoma. Kisipokuwepo, toa onyo, kisha tumia `mktemp -d`, ambayo huunda folda ya 0700 (ya mwenyewe peke yake) yenye jina lisilobashirika.

Mafaili makubwa yasikaribie folda ya $XDG_RUNTIME_DIR. Kwa kawaida systemd huiwekea kikomo cha asilimia 10 ya RAM. Vya kuhifadhiwa kwa muda viende ~/.cache.

Kwenye macOS hakuna /run. Soma $TMPDIR, inayokupeleka kwenye folda yako binafsi chini ya /var/folders. Njia hiyo ni ndefu, na anwani ya soketi kule ina nafasi ya baiti 104 tu (Linux ni 108), kwa hiyo ipe soketi jina fupi.